Karatasi Mbili za Merina

Mwaka 1998, malaria ilipopanda kutoka ufukweni hadi mtaani Gungu, niliajiriwa kuanika karatasi za damu katika zahanati iliyofunguliwa kwa ajili yetu, wakimbizi wa ng'ambo ya ziwa. Nilikuwa nimesoma sekondari kwetu Uvira. Ilitosha kuandika majina. Kila mgonjwa alitolewa tone moja la damu kwenye karatasi siku ya kwanza, na jingine homa ikirudi. Karatasi nilizibana kwenye kamba kwa vibanio vya nguo.

Binti yangu Merina, miaka sita, alimeza klorokwini yote mbele yangu, akijikuna mpaka analia. Siku ya kumi na sita homa ikarudi. Tone la pili nilimtoa mwenyewe. Siku ya kumi na nane tukamzika.

Dismasi, msimamizi wetu, aliandika daftarini: "Hakumaliza dawa." Akataka nitie saini.

"Mama Merina, nyinyi mnagawana vidonge. Kimoja cha mgonjwa, kimoja cha ndugu yake. Tunawajua."

Ni kweli, wengi waligawana. Nikamrudishia kalamu.

"Ndugu yake yupi? Nilikuwa na mtoto huyo mmoja tu."

Akasema basi aliumwa na mbu mwingine. Nikamwambia karatasi zake mbili zipo. Ziende Dar es Salaam, vinasaba vya vimelea vilinganishwe. Vikitofautiana, ni mbu mwingine. Vikiwa vilevile, dawa imeshindwa, na watoto wote hapa wanameza uchungu wa bure. Akanikumbusha kwamba wanaotaka kazi yangu ni wengi. Nikazitia karatasi kwenye bahasha mbele yake, pamoja na za watoto wengine waliorudiwa na homa.

Mama mkwe wangu, Rozalia, alitaka tuanue matanga. Nilikataa mpaka jibu lirudi. Miezi minne nililala chini kwenye mkeka, na majirani wakanicheka: msiba wa Bibiana unasubiri posta.

Jibu likaja. Vimelea vya siku ya kwanza na vya siku ya kumi na sita ni vilevile. Watoto wengine kumi na tisa, vivyo hivyo.

Dismasi alisoma akiwa amesimama. Akasema pole. Nikamwomba daftari. Nikaukata mstari wake kwa rula, nikaandika chini yake: "Alimaliza dawa. Dawa ilishindwa." Hapo nikatia saini.

Nilipofika nyumbani nikaukunja mkeka, nikamwambia mama mkwe aite watu.