Dawa ya Kupe Kwenye Beseni

Novatus wa Bweranyange alikuwa mtu wa ng'ombe, na mtu wa ng'ombe akiona kidoa kwenye ngozi ya mnyama, akili yake inakwenda mahali pamoja tu: kupe. Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumanne, aliposogeza uso kwenye tanki la kioo pale sebuleni, akawakuta samaki wote saba wana vidoa vyeupe vidogo kama chembe za chumvi, mwilini mpaka kwenye mapezi, hakumwuliza mtu. Kupe wa majini, lakini kupe. Na wawili walikuwa wanajisugua kwenye mawe ya chini, vilevile ndama anavyojisugua kwenye nguzo ya zizi.

Akaogopa. Usimcheke. Huyu ni mtu aliyewahi kumfukuza fisi kwa fimbo, na sasa anatishwa na visamaki vyekundu visivyotosha mboga ya mtu mmoja. Ila samaki wale walikuwa wa Katusiime, mtoto wake wa pekee, aliyefariki kwa homa mwaka juzi akiwa na miaka kumi na mmoja. Baada ya mazishi, mama yake, Eseri, alinyamaza. Sisemi alipunguza maneno. Alinyamaza kabisa, miezi mitano, anapika, anafua, anafagia uwanja, mdomo umefungwa. Mchungaji alikuja, mawifi walikuja, wakaondoka kama walivyokuja. Halafu siku moja Novatus akiwa uani akasikia sauti ndani. Eseri alikuwa amepiga magoti mbele ya tanki, anawabembeleza samaki wale chakula. Kutoka kwa samaki maneno yakarudi polepole kwa majirani, na kwa mumewe mwisho kabisa.

Sasa Eseri alikuwa Kyerwa, anamwuguza mama yake, na angerudi Jumapili. Alipoondoka alisema neno moja tu: "Baba Katusiime, nakuachia samaki." Novatus akaitikia upesi. Ukweli ni kwamba tangu msiba mpaka asubuhi ile hakuwa amelitazama lile tanki hata mara moja. Akipita sebuleni, macho yake yalikuwa mlangoni. Na wiki iliyopita, bomba lilipokata maji, aliwaongezea, macho pembeni, ndoo nzima ya maji ya lambo, yaleyale wanayokunywa ng'ombe wake wakanawiri, akajiona amewafanyia hisani.

"Wakifa hawa," alijisemea, "atanyamaza tena, na safari hii hatarudi." 

Akaenda stoo kuchukua chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Lakini hakuwa mjinga kiasi hicho. Baba yake alimfundisha kwamba dawa usiyoizoea usiijaribu kwa kundi zima. Unachagua mmoja, yule ambaye ungempeleka mnadani bila kumlilia. Akawatazama samaki saba kwa jicho hilohilo la mnadani. Mmoja alikuwa amezeeka, rangi imempauka, pezi la mgongo limechanika, anaogelea upandeupande. Huyo hata angegawiwa bure asingepata mteja. Novatus akamteka kwa kikombe, akamtia kwenye beseni la maji, akadondosha dawa matone mawili. Matone mawili tu, kwa mtu anayepima kwa vizibo.

Samaki alizunguka beseni kwa kasi mara tatu, akajigonga ukingoni, akalala ubavu, mdomo unafunguka na kujifunga. Novatus akamdaka kwa mikono miwili, akamkimbiza kwenye ndoo ya maji safi. Humo samaki akaelea, tumbo juu. Novatus akabaki amechuchumaa pale, akiwaza kwamba nusura aimimine ile chupa ndani ya tanki. Akanawa kwa sabuni mara tatu. Akamzika nyuma ya jiko na kuisawazisha ile ardhi kwa mguu.

Saa sita mchana simu ikalia. Eseri.

"Mama ameamka vizuri, amekunywa uji," alisema. "Samaki hawajambo?"

"Wapo."

"Na Mzee?"

Novatus hakumjua Mzee yeyote. "Mzee yupi?"

Eseri akacheka kidogo. "Wewe nawe, huwatazami. Yule mwenye pezi lililochanika. Huyo Katusiime alimleta mwenyewe kutoka Bukoba, kwenye mfuko wa nailoni, amempakata njia nzima. Wale sita niliwanunua mimi baadaye, asikae peke yake. Yupo?"

 "Yupo," akasema.

Simu ilipokatika alikaa chini palepale sakafuni.  Walibaki sita, wote wana vidoa, na sasa hofu yake ilikuwa imepata uongo wa kukaa nao. Ubavuni mwa tanki palikuwa na karatasi yenye namba ya muuza samaki wa Bukoba, mama mmoja aitwaye Anonciata. Safari hii Novatus aliuliza. Alimweleza yote, mpaka matone mawili. Yule mama akashusha pumzi.

"Mzee wangu, shukuru Mungu hukuyatia kwenye tanki. Ile inaua samaki haraka kuliko inavyoua kupe. Hao ni vijidudu, wanachimba ndani ya ngozi. Wakishiba wanadondoka chini kwenye mawe, wanazaana, wanapanda tena. Inawezekana uliwaleta na maji ya lambo. Pasha maji joto, taratibu sana. Tia chumvi ya mawe, kijiko kimoja kikubwa kwa kila lita ishirini, iyeyushe kwanza kikombeni. Kila siku nyonya uchafu wa chini kwa mpira, urudishe maji safi yenye joto lilelile. Na vidoa vikipotea usishangilie. Endelea siku kumi."

"Joto nitalipimaje?"

"Kwa kiwiko. Kama maji ya kuogesha mtoto mchanga."

Novatus alifanya alivyoambiwa, na asikwambie mtu, siku zile alizeeka. Ng'ombe aliwaachia jirani. Alijaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki, akazitumbukiza ndani ya tanki moja baada ya nyingine, akichovya kiwiko kila mara. Aliwahesabu samaki asubuhi, akawahesabu mchana, akitoka kidogo anarudi kuwahesabu. Alhamisi mmoja alijificha pembeni, akakataa kula, na Novatus naye hakula. Eseri alipopiga simu alijibu, "Wapo," akawahi kukata simu kabla hajaulizwa tena. Jumamosi vidoa vilikuwa vimebaki vya kuhesabu, na wote sita walikuja juu kugombania chakula. Angefurahi, kama si Jumapili.

Bodaboda ilimshusha Eseri baada ya ibada. Hakutua hata mfuko. Alikwenda moja kwa moja kwenye tanki, akainama, kidole kikipita juu ya kioo. Kikafika sita, kikarudi mwanzo.

"Mzee yuko wapi?"

Novatus alisimulia. Maji ya lambo, kupe, mnada, beseni, matone mawili, ile "yupo" ya kwanza na zote zilizofuata. Alipomaliza, Eseri alikuwa amesimama vilevile, mgongo kwake.  Dakika zikapita, hakusema kitu, na Novatus akahisi miezi mitano ile inaingia tena mlangoni.

"Hukuuliza mtu," Eseri akasema.

"Sikuuliza."

"Hukuuliza." Akageuka. "Na kwa Katusiime hukuuliza. Nilikwambia mtoto anaungua, nikakwambia tumpeleke hospitali, ukasema homa ya ndama inashuka kwa siku mbili. Ukasema wewe unazijua homa. Siku mbili, Novatus. Nilikaa nazo mdomoni hizo siku mbili, nikaogopa nikifungua nitakutapikia zote."

Sauti ilikuwa inapanda, majirani wanasikia. Hakumwita Baba Katusiime. Alimwita Novatus, tena na tena, na kila alichosema kilikuwa kweli. Hayo ndiyo maneno Novatus aliyokuwa akiyaogopa miaka miwili yote, kuliko samaki, kuliko ukimya wenyewe. Novatus akavuta kigoda, akakaa mbele ya mkewe.

"Sema," akamwambia. "Sema yote."

Eseri akasema mpaka jioni, naye Novatus akakaa akisikiliza, akiomba moyoni mkewe asinyamaze tena.