Samadi ya Jumatano

Kitendawili hiki shuleni hawakukifundisha: ni usafi gani unaokuletea askari mlangoni? Mimi nitakutegulia. Ni ule wa Nabalayo, Mama Tabby, kule Subukia.

Jumatano asubuhi mwanawe Tabby, wa miaka tisa, aliokotwa katikati ya mibuni ya kahawa, ameuawa. Kufikia saa nane Nabalayo alikuwa amepaka sakafu samadi na majivu, maana waombolezaji hawakaribishwi kwenye vumbi. Mama yake alifanya hivyo, na nyanya yake pia. Ijumaa, kaburi likiwa limechimbwa nusu, akaja Inspekta Kamande na polisi wawili. Aliuliza ni mama gani aliyefiwa hupata nguvu za kupaka sakafu, kama si kuficha damu. Akasema wakikuta kitu, mazishi ya kesho watayasikilizia seli.

Kisha akamgeukia Wasike, baba mtoto. Jumanne jioni alikuwa wapi, na nani alimwona?

"Zizini, afande. Ng'ombe alikuwa anazaa. Shahidi ni yeye, lakini usimwendee kwa nyuma."

Nabalayo alijua mumewe hakukusudia mzaha. Lakini kicheko kilimpanda kama maziwa yanayofurika sufuria. Akaziba mdomo, kikapitia puani. Wasike akamtazama, naye akaangua. Siku tatu hawakuwa wameonja kitu, na sasa walikuwa wameegemeana kama walevi, machozi na kamasi pamoja. Kina mama wa kanisa waliokuwa wakipika wakainamia masufuria, mabega yakitetemeka.

Kamande akauliza kama wanacheka. Akafungua kidaftari.

"Andika, afande," Nabalayo akasema. "Na uandike tumejaribu kuacha tukashindwa."

Polisi wakaanza kubandua sakafu kwa jembe. Samadi ya Jumatano ikatoka vipande vipande kama gome la mti. Chini yake hapakuwa na damu. Palikuwa na samadi ya zamani, iliyopakwa Pasaka, na juu yake nyayo ndogo tano, vidole vyote, zikielekea kitandani.

Siku ile ya Pasaka Nabalayo alimkataza Tabby kukanyaga kabla hapajakauka. Mtoto akakanyaga, tena kwa madaha, akala kofi moja.

Polisi mmoja akainua buti apite.

"Wewe, simama hapo hapo! Huyo ni mtoto wangu anapita," Nabalayo akamkemea.

Yule polisi akabaki na mguu mmoja hewani, akiyumba kama korongo wa ziwani, na kicheko kikawarudia wote, hadi yule mwenzake. Kamande aligeukia ukuta akapenga kamasi kwa muda mrefu.

"Mama, zikeni mtoto kesho," akasema. "Nimepoteza siku nzima hapa, na aliyemuua yuko nje anatembea."

Jioni waombolezaji waliingizwa kwa mlango wa nyuma. Kila mmoja aliuliza kwa nini, na kila aliyeambiwa alicheka kwanza, ndipo akatafuta leso.