Shahidi Hakufika

Jumatatu saa mbili asubuhi wakili Hatibu alifika ofisini kwake Makorora, Tanga, akamkuta Manase ameshakaa kwenye benchi. Manase alikuwa marehemu tangu masika, alipofukiwa na mawe kwenye machimbo ya kokoto ng'ambo ya mpaka. Pembeni yake mkewe, Praxeda, alikuwa akimmenyea chungwa.

"Kampuni inasema haimjui," Praxeda alisema. "Ati hakufanya kazi kwao hata siku moja. Mimi nataka waandike tu kwamba alifia pale. Watoto wajue."

Zamani Hatibu asingeigusa kesi hiyo, maana mahakama ni ya kule na leseni yake ni ya huku. Lakini mkataba mpya ulikuwa umeshatiwa saini: wakili wa huku aruhusiwe kusimama kule, na wa kule asimame huku. Hatibu alihudhuria semina ya mkataba huo, akala pilau, akapiga makofi pamoja na wenzake.

"Twendeni," alisema. "Shahidi tunaye."

Mpakani, afisa alimtazama Manase, akamwambia marehemu hahitaji pasi, apite. Makaratasi ya Hatibu aliyasoma mara mbili.

"Shikamoo, mzee. Mkataba naujua. Ila wakili anatakiwa awe na mdhamini wa kule, na awe ameishi kule miaka mitano."

"Marahaba. Nitaishije kule miaka mitano, na kesi ni kesho?"

"Hilo halikuandikwa, mzee."

Papo hapo likatokea gari la mawakili wa kampuni, linakwenda Tanga kufungua ofisi. Kizuizi kiliinuliwa kabla halijasimama. Mmoja wao alimpungia Hatibu mkono kwa adabu.

Hatibu alivua tai yake, akamvisha Manase, akampa faili.

"Sema kama ulivyoniambia mimi. Polepole, usiwaogope."

Alhamisi Manase akarudi kwa miguu. Praxeda alikuwa akimngoja ofisini tangu alfajiri.

"Walikusikiliza?"

"Nilisimama mbele yao mpaka adhuhuri," Manase alisema. "Nikawaonyesha kifua kilivyobonyea. Hakimu ni mtu mwema, aliniletea kiti. Akauliza wakili wangu yuko wapi. Nikamwambia kazuiwa mpakani. Basi wakaandika: shahidi hakufika."

Hatibu alisema atakata rufaa. Aliisikia sauti yake ilivyochoka.

Jioni aliwasindikiza stendi, kwenye basi la Muheza. Konda alikata tiketi moja.

"Tuko wawili," Praxeda alisema.

"Mama, huyo si marehemu? Marehemu hatumkatii."

"Mkatie. Andika na jina lake."

Konda aliguna, akauliza jina, akaandika. Manase akaipokea tiketi kwa mikono miwili. Basi lilipokuwa likiondoka, Hatibu alimwona dirishani akiisoma, akimaliza, akianza tena.