Mama Mkwe kwenye Winchi

Mwaka wa 1956, pantoni, chombo bapa kinachoelea, iliyobeba pampu katika bwawa la shamba moja la kahawa nje ya Ruiru ilianza kuvuja. Meneja alitaka kuita mafundi kutoka Nairobi. Munyao, kibarua mwenzetu wa shambani, akamwambia asijisumbue. Yeye alikuwa amefanya kazi miaka sita kwenye gudi la Mombasa, akivuta meli nchi kavu zitengenezwe. Meneja akasema akiitoa pantoni salama, atapewa ile nyumba ya mawe iliyo karibu na bwawa.

Munyao aliitaka nyumba hiyo kuliko nyongeza ya mshahara. Mvua za masika zilikuwa zimeng'oa paa la chumba chake, na mkewe, Mwongeli, alikuwa amerudi Gatuanyaga, upande wa Thika, kwa mama yake, Syokau. Syokau alituma neno kwamba binti yake hatarudi kulala chini ya mwavuli.

Tulifanya kazi siku tisa. Tulilaza reli mbili kutoka ukingoni hadi ndani ya maji, tukaunda kitanda cha magogo chenye magurudumu, tukakizamisha kwa mawe chini ya pantoni. Juu ya mteremko tulifunga winchi ya mkono, na kamba yake ya chuma tukaifunga kwenye kitanda. Munyao alitupa sheria moja.

"Kwenye gudi mdomo ni mmoja, wa yule aliye karibu na chombo. Wengine nyote ni masikio."

Siku ya kuvuta, Syokau alifika kwa basi la kutoka Thika kuja kuiona nyumba kwa macho yake. Akasimama kando ya winchi na kiondo chake. Wanaume wanne walizungusha, mwenzetu Gathogo akashika breki. Pantoni ilipofika nusu ya njia, siafu waliofuata mafuta ya winchi wakampanda Gathogo ndani ya suruali. Akaachia breki, akakimbia. Kitanda kikaanza kurudi majini kwa kasi.

Syokau, mama mwenye mwili mkubwa, akaukalia mkono wa breki na kukunja miguu juu. Kila kitu kikasimama.

Tukamtazama Munyao, aliyekuwa chini pamoja nami akiweka kabari. Lakini Mkamba hasemi na mama mkwe wake wala hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani.

"Sema, Munyao!" Gathogo akapiga kelele kutoka kwenye mibuni, suruali mkononi. "Mama ashike au aachie?"

Munyao akaigeukia pantoni. "Wewe pantoni," akasema kwa adabu, "kama kuna mtu amekalia breki, tafadhali asiinuke."

Syokau akaiinamia winchi. "Winchi, waambie watu wa majini sikuja hapa kuinuka. Na uwaulize, hiyo nyumba ina jiko la nje?"

"Pantoni, lipo."

"Winchi, na bati lake?"

"Pantoni, halivuji. Nililipanda mwenyewe kulikagua."

Meneja akaja mbio. "Munyao! Kwa nini unaongea na pantoni?"

Syokau ndiye aliyejibu, maana meneja hakuwa mkwe wake.

"Wewe ndiye mwenye nyumba? Sema mbele ya watu kama umempa. Mimi nikiinuka, chombo chako kinarudi majini."

Meneja akaitazama pampu yake ikiwa imeinama. "Nimempa."

"Ufunguo?"

Akautoa mfukoni.

Wakati huo kabari zote nne zilikuwa zimekwisha kukazwa nyuma ya magurudumu. Ya mwisho niliigonga mimi. Pantoni isingeenda popote. Munyao alijua, akaendelea kutazama maji. Sikuona kwamba amedanganya. Mama mkwe hakatizwi maneno.

Mwongeli alihamia Jumamosi. Pantoni ilipozibwa, meneja alikataza mtu mwingine yeyote asiguse breki, ikabidi Syokau aitwe tena. Kuishusha majini ilikuwa kazi ya saa moja. Kwa kuwa kati ya Munyao na mama mkwe wake hakuna aliyekubali mwenzake awe wa mwisho kuonyesha adabu kupitia pantoni na winchi, ilichukua mchana mzima.