Matuta ya Mama Najat

Muharami alijisifu kwamba hajawahi kushindwa na mkewe kwenye kilimo. Ukweli ni kwamba alishindwa kila mwaka.

Shamba lao lilikuwa kipande kidogo kati ya mawe ya Ilemela na ziwa, nao waligawana nusu kwa nusu kama watoto wanaogombea dawati. Yeye alipanda kitunguu saumu kitupu na kukitia yurea, mbolea ya dukani. Mkewe, Yasmin, alichanganya: mstari wa saumu, mstari wa uwatu, na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Mbegu ya uwatu huo aliachiwa na mama yake, naye kila mwaka alivuna akapanda tena. Uji wa mbegu hiyo ndio uliompa maziwa alipomzaa Najat.

Mwaka huu Najat alikuwa mjamzito, na Yasmin alikuwa na saratani. Alipanda mbegu zote, hakubakiza hata punje, ili mwanawe apate uji wa siku arobaini za uzazi. Baada ya hapo miguu ikamgomea. Akawa anakaa kwenye jiwe mlangoni, analitazama shamba kwa mbali.

"Baba Najat, matuta yangu yamekuwa ya njano. Nibebee samadi."

"Kesho," Muharami alijibu. Kubeba mavi ya mbuzi, yeye mtu wa yurea! Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi, na njano ikazidi.

Alipoona mkewe hataki tena hata kutazama bondeni, roho ilimuuma. Siku tatu mfululizo, akitoka swala ya alfajiri, alishuka na kopo akamwaga yurea kwenye matuta ya Yasmin, tena nyingi kuliko aliyowahi kumwaga kwake. Hakumwambia mtu.

Majani yakafumuka. Yasmin aliyaona kutoka jiweni, akacheka mpaka akakohoa.

"Umeshindwa tena, mzee."

"Nimeshindwa, mama," Muharami alijibu huku akicheka.

Hakuwahi kufurahia kushindwa namna ile. Wiki tatu baadaye walimzika Yasmin.

Siku ya kuvuna Najat alifika na ungo, tumbo limeshuka, bado siku chache.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Uwatu uliwafika magotini. Yalikuwa majani, majani matupu. Maganda ya mbegu yalionekana moja moja, mengi hayana kitu. Saumu nazo zilikuwa na shingo nene na vichwa vidogo vya kuchekesha. Walipekua mstari kwa mstari hadi mgongo wa Najat ukachoka. Kwenye ungo kulikuwa na punje tisa.

"Ni yurea, imelisha majani tu," Muharami alisema. "Nilimwaga mimi. Nilitaka afurahi. Mbegu ya mama yako nimeimaliza mimi."

Najat alikaa kwenye tuta akalia kwanza, kisha akajifuta kwa mtandio.

"Mama alijua, baba. Aliniambia kwenye simu, 'Baba yako kanimwagia yurea, uwatu hautazaa.' Nikamwambia akwambie. Akasema, 'Mwache. Tangu niugue, leo ndio nimemwona anacheka.'"

Muharami alipiga magoti. Alishika lile tuta kwa mikono miwili, akalia mbele ya mtoto wake bila haya.

Baadaye alizifunga punje tisa kwenye pindo la leso ya marehemu, akampa Najat azishike. Kisha akachukua karai, akapanda bandani kwa mbuzi, akaanza kuchota samadi aliyoombwa na Yasmin.