Mgeni Aliyeangusha Kiambaza

Siku ya kuposwa, msichana wa kwetu hukaa na mama yake nyuma ya kiambaza cha matete. Anasikia kila neno na hasemi lolote. Mimi sikuumbiwa kazi hiyo. Nilikaa kwa sababu nilimtaka Nsabimana, na nilijua baba yangu, Tumwine, alikuwa anatafuta kisababu kidogo tu cha kusema hapana. Sisi ni wafugaji wa upande wa Nkwenda. Wao ni wakulima wa Nyakasimbi, wazee wao walitoka Burundi, na kwa baba mtu asiye na ng'ombe ni mpita njia.

Nilisogeza tete moja kwa kidole nikapata tundu la kuchungulia. Mama aliniona akanifinya paja, kisha naye akainama akachungulia.

Mbele aliingia Gaspari, mshenga, mtu wa maneno matamu. Nyuma yake Nsabimana, ameinamisha kichwa, maana mposaji naye siku hiyo hafungui mdomo. Wa mwisho alikuwa Fidele, baba yake mdogo, amebeba kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi. Nilimtambua kabla hajatajwa. Kila siku ya gulio Nsabimana alinisimulia habari zake: baba yake alipofariki, huyu ndiye aliyemchukua, akamlisha, akamsomesha, hata yeye mwenyewe akaacha kuoa. Hakunisimulia habari za mabuti.

Ilikuwa miaka ile ya sukari ya mgawo, viatu haba, na Fidele alikuwa ameazima mabuti ya mgambo mwenye miguu mikubwa kuliko yake. Baba alikuwa ametandika nyasi mbichi sakafuni, kama tunavyowatandikia wageni wa heshima. Mabuti yale na nyasi mbichi havikupatana. Fidele aliteleza mlangoni, akakiokoa kibuyu, akamwegemea baba kifuani. Alipogeuka kuomba radhi, kitako cha kibuyu kikampiga Gaspari kisogoni. Akageuka tena kumwomba radhi Gaspari, na baba akaruka pembeni.

"Huyu wamemtoa wapi?" mama alininong'oneza.

Wakakaa. Baba akawapa maziwa, kila mmoja na kyanzi yake, kile chombo chetu cha mti. Kwetu maziwa hupokelewa kwa mikono miwili, na chombo hurudi mikononi mwa aliyekitoa. Hakiwekwi chini. Fidele, aliyezoea chungu cha pombe, alikiweka chini katikati ya miguu yake. Baba alikohoa. Fidele akajua amekosea, akakurupuka kukiokota, na buti likawahi kabla ya mkono.

Maziwa yote yakamwagika. Kwa mfugaji huo ni mkosi. Maskini, akavua koti ili afute.

"Usiyafute," baba alisema.

Fidele akainama kwa adabu na kurudi nyuma. Akainama tena, akarudi nyuma tena, mpaka akatufikia. Kiambaza kilianguka, yeye juu yake na sisi chini yake. Nilipotoa kichwa nje ya matete nilimwona mama ana kwa ana na Nsabimana, mkwe ambaye hakupaswa kuuona uso wake, naye mama amekaa miguu imenyooshwa, kilemba kimetoka. Alichota nyasi sakafuni akajifunika nazo usoni. Buti moja la Fidele lilibaki kwenye maziwa, limesimama peke yake.

Hapo nikacheka. Mwali siku hiyo hulia, na mimi nilicheka mpaka kamasi zikanitoka mbele ya watu. Baba alinitazama, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimwonea haya mama, nikajionea haya mwenyewe.

"Gaspari," baba aliuliza polepole, "mtu huyu ni nani kwa kijana?"

Gaspari hakusita. "Mchukua kibuyu tu, mzee wangu. Tulimpata njiani."

Fidele alikuwa anahangaika kukisimamisha kiambaza, nacho kinamwangukia. Akakiacha. "Ni kweli, mzee," alisema. "Mimi ni wa mzigo tu. Kijana hana kosa, msimhesabie langu." Akaenda kusimama mlangoni, mguu mmoja na buti, mwingine mtupu.

Nilimtazama Nsabimana. Najua mila ilimfunga mdomo, lakini kichwa haikukifunga. Neno lenyewe sikulidai. Nilingoja ainue shingo tu, amtazame mtu yule. Hakuinua. Aibu ya kucheka ikaniisha, ikaja nyingine iliyonichoma kuliko ile, kwa sababu huyu nilimchagua mwenyewe.

Baba alipoa moyo. Kosa la mpagazi si kosa la ukoo. Wakatundika blanketi mahali pa kiambaza, Gaspari akafungua kibuyu, nami nikaitwa. Kwetu pombe ya posa hainywewi mpaka binti aulizwe. Akisema hawajui wageni, kibuyu kinarudi kilikotoka.

Nilipiga magoti.

"Kembabazi," baba alisema, "wageni hawa unawajua? Pombe yao tuinywe?"

"Namjua mmoja, baba," nilijibu. "Yule aliyesimama mlangoni. Ni Fidele wa Nyakasimbi, ndiye aliyemlea kijana huyu tangu alipofiwa. Hawa wawili siwajui."

Gaspari aliinamisha kichwa. Nsabimana ndipo alipoinua chake, uso umemshuka, akanyanyuka na mila yake akaiacha pale alipokuwa amekaa. Alimfuata Fidele mlangoni akamshika mkono.

"Baba," alimwita.

"Nyamaza, mwanangu," Fidele alimsihi. "Kaa. Utaharibu."

Baba aliwatazama, kisha akanitazama mimi. "Na kijana huyo aliyefungua mdomo sasa, unamjua?"

Nilimtaka bado. Hilo ndilo lililonitia uchungu, kwamba nilimtaka vilevile.

"Leo kibuyu kirudi, baba. Siku watakayokuja Fidele akiwa mbele, uniulize tena."

Hakuna aliyebisha. Fidele alikuja kukichukua kibuyu, macho chini, akiniomba radhi mimi, akimwomba mama, akiliomba hata blanketi. Nsabimana alimpokonya mzigo akajitwika mwenyewe, akasimama kando ili yule mzee atangulie kutoka. Alipopita mbele yangu hakuthubutu kunitazama, nami nikashukuru, maana angenitazama ningelegea.