Uzi Mweusi wa Darubini

Mke wake alipokuwa hai, fundi cherehani alikuwa akija hifadhi hii ya pwani shingo upande. Mke alikuwa akikaza macho kwenye darubini, na fundi akijinyoosha kwenye benchi la banda la kutazamia wanyama, akiuchapa usingizi.

"We mzee wa sindano, amka! Kasa huyo, katoa kichwa!"

"Mwambie anisubiri," alikuwa akijibu, na mke akicheka mpaka ndege wanaruka.

Sasa amemzika. Darubini ilibaki ndani ya mkoba wake, na fundi akalifunga kwa uzi mweusi gurudumu lake dogo la kurekebishia mwono lisizunguke, libaki pale pale vidole vya marehemu vilipoliacha. Nyumbani hakuthubutu kuchungulia. Alitaka achungulie hapa, kwenye hori hili la mikoko, mkono huu wa bahari, aone kama alivyokuwa akiona mkewe, hata kama kwa macho yake ingekuwa ukungu mtupu. Nia hiyo hakumwambia mtu, hata binti yake aliyemleta.

Walipoketi bandani, juu ya maji, binti akafungua mkoba. "Baba nawe! Fundi mzima unatembea na uzi unaning'inia?"

Alikulia chini ya meza ya kukatia nguo. Uzi ulioning'inia alizoezwa kuukata kwanza, maswali baadaye. Kabla baba hajanyoosha mkono, aliuuma kwa meno, akachungulia, akazungusha gurudumu.

"Ndiyo maana ilikuwa haionyeshi kitu. Haya, shika, sasa safi."

Fundi akaiweka machoni. Ndege yangeyange aliyesimama kwenye tope ng'ambo alionekana hadi kucha. Akaishusha upesi.

"Vipi, Baba? Huoni?"

"Naona. Mama yako ndiye aliyeiacha vile. Nami niliifunga ibaki vile."

Binti akaduwaa, kipande cha uzi bado kimemnata mdomoni. Kisha akaichukua darubini, akazungusha gurudumu nyuma, mbele, nyuma tena, machozi yakimtiririka.

"Ilikuwa hapa? Baba, tazama basi. Au hapa?"

Fundi alitazama kila alipoambiwa. Angejuaje? Hakuwahi kuchungulia hata mara moja.

Chini yao majini ikasikika pumzi nzito ya kasa aliyeibuka, akavuta hewa, akazama. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Au hapa, Baba?"